Kenya: Je, Juni 25 ilikuwa kona au njia panda?

Vyombo vya habari vya Kiingereza vimezoea kuyaita maandamano ya Juni 25, 2024 jijini Nairobi "turning point". Katika Kiswahili usemi huo unaweza kufasiriwa kuwa njia panda, tafsiri inayopotosha. Aliye njia panda hajachagua pa kwenda. Usemi wa Kiingereza humhusu aliyekwisha kukata kona, asiweze tena kuiona barabara aliyotoka.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wa Kenya. Siku hiyo vijana waliingia katika majengo ya Bunge, na baadhi ya waandamanaji wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini Mswada wa Fedha. Julai 11 akawafuta kazi takriban mawaziri wote. Hadi hapo kona ilionekana imekatwa. Lakini kabla mwezi haujaisha baadhi ya mawaziri wale wale waliteuliwa tena, safari hii pamoja na vigogo wa chama cha upinzani cha ODM. Juni 25, 2025 umma ulirudi barabarani kuwakumbuka waliouawa, na damu ikamwagika tena.

Kilichogeuka kweli ni mazoea ya raia: mswada wa fedha, waraka mkavu wa kihasibu, sasa husomwa na kujadiliwa na vijana kifungu kwa kifungu. Kwa upande wa serikali, njia panda, pamoja na kasoro yake yote, bado ndilo neno sahihi. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027.