Stratos, Delta na Tope la Masika

Wako vijana wa Ifakara washikiliao kwamba katika motokaa zote za mbio zilizotoka kwa Lancia ya Italia, hapana iliyoipita Stratos. Hoja yao ni umbo lake la kabari na injini yake ya Ferrari, yenye silinda 6. Uzuri huo siukatai, wala siukatai ubingwa wa dunia wa rali ilioutwaa mara 3, tangu 1974 hata 1976. Lakini mkazi wa bonde la Kilombero, ajuaye tope jeusi la masika lishikavyo gurudumu, hana udhuru wa kuhukumu kwa picha.

Katika mbio za Safari, nchini Kenya, mwaka 1975, Stratos zilishika nafasi ya 2 na ya 3 nyuma ya Peugeot 504, aina ya gari la kupakia watoto na magunia! Mwaka 1977 ikawa ya 3 tena. Safari haikuishinda kamwe. Delta Integrale, yenye milango 5 na sura ya kasha, iliishinda 1988, 1989 na 1991. Injini ya Stratos husukuma magurudumu ya nyuma tu. Ya Delta huyaendesha yote 4, moja likizama mengine yavute.

Watasema Delta ilizaliwa baadaye, ikafaidi elimu mpya. Na ile Peugeot je? Nayo ilisukumwa kwa magurudumu ya nyuma, mwaka ule ule, katika njia ile ile.

Hukumu hiyo ya picha ndiyo imfanyayo mtu wa hapa anunue gari lililoinama hadi chini, kisha masika yakija mgonjwa wake akabebwa kwa baiskeli.