BILA KARATASI USIPANDE BASI

Ndugu wananchi wa Singida,

Wako vijana wetu wanaochukuliwa vijijini kwenda Arusha na Moshi kuwatumikia watalii: kupika kambini, kufua hotelini, kubeba mizigo Kilimanjaro. Wanachukuliwa kwa ahadi ya mdomo tu. Masika yakianza, wageni wakipungua, wanaambiwa: "Kazi imekwisha, rudini kwenu." Nauli hawana.

Je, hiyo ni bahati mbaya? Hata kidogo! Huo ni unyonyaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, yasema wazi: mfanyakazi akiachishwa kazi mbali na mahali alipoajiriwa, mwajiri amrudishe pamoja na mizigo yake, au amlipie nauli. Na kifungu cha 15 chamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, pamoja na mahali mtu alipoajiriwa.

Wajanja wanalijua hilo, ndiyo maana hawaandiki. Bila karatasi watadai walikuokota stendi ya Arusha.

Basi, vijana, daini karatasi yenye neno "Singida", mshahara na muda wa kazi. Daini kwa pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mwajiri anayekataa kuandika amekwisha kuonyesha nia yake.