Kipimo cha ulevi kisiishie stendi

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Huo ni msemo wa kuwafariji wafiwa, haukukusudiwa kumtetea dereva aliyekunywa pombe kisha akashika usukani. Ulevi wa dereva unayo kinga, na kinga hiyo inajulikana. Lililobaki ni kuitumia mahali panapohitajika na saa inayohitajika.

Mkoa wa Singida ni njia panda ya nchi yetu. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Dodoma huingia Manyoni, ikapita Ikungi na Singida mjini, ikaendelea hadi Iguguno na Misigiri, kisha ikateremka mlima Sekenke kwenda Shelui, Igunga na Nzega. Nyingine hutoka Singida mjini kwenda Babati na Arusha. Humo hupita mabasi ya Kanda ya Ziwa, malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, na wakati wa mavuno magari yaliyosheheni magunia ya alizeti.

Wananchi wa mkoa huo wanaujua msiba wa barabarani. Julai 4, 2016, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso eneo la Maweni, wilayani Manyoni, na watu wapatao 30 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba pombe ndiyo iliyosababisha. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha jinsi sekunde chache zinavyotosha kujaza chumba cha maiti. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Pombe humchelewesha dereva kuona, kuamua na kukanyaga breki. Katika mteremko kama wa Sekenke, kuchelewa huko ndiko kunakotenganisha uhai na kifo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kiwango cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi 50, na kwa madereva vijana na wanaoanza, kisizidi 20. Lakini hata kiwango cha 80 wengi hawakielewi. Wapo wanaodhani kwamba aliyelala amekwisha kulevuka. Sivyo. Kwa wastani mwili hupunguza miligramu 15 hivi kwa saa. Aliyeacha kunywa saa 7 usiku akiwa na 150, saa 11 alfajiri bado anazo 90. Kahawa haimpunguzii, wala maji baridi. Aliyekunywa pombe ya kienyeji ana hatari zaidi, kwa kuwa kibuyu hakina maandishi ya kumwambia ukali wa kilichomo.

Serikali imewahi kuchukua hatua nzuri. Machi 1, 2017, ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyoingia kwa urahisi katika mfuko wa shati la dereva. Polisi wa usalama barabarani nao huwapima madereva wa mabasi katika stendi, na jambo hilo tunalipongeza. Lakini tunauliza: ni nani anayempima dereva wa lori aliyelala Misigiri? Ni nani anayempima kijana wa bodaboda anayetoka mnadani jioni na abiria wawili? Ni nani anayempima bwana mkubwa anayetoka baa saa 6 usiku katika gari lake mwenyewe au, vibaya zaidi, katika gari la umma?

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku na mchana. Maana yake ni kwamba basi lililokaguliwa jioni Dar es Salaam linapita Singida usiku wa manane, baada ya dereva kusimama kula mara moja au mbili njiani. Kipimo cha mwanzo wa safari hakiwezi kuwa dhamana ya safari nzima.

Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza Desemba 1982 kumpima dereva yeyote barabarani, bila kungoja ayumbe kwanza. Vifo vilipungua sana. Kilichowatisha walevi hakikuwa ukubwa wa adhabu, bali kujua kwamba wakati wowote, katika kona yoyote, wanaweza kusimamishwa na kupimwa.

Hilo ndilo tunaloomba Singida na mikoa mingine. Vipimo viende Manyoni, Ikungi, Iguguno na Shelui, usiku, siku za mnada na msimu wa mavuno, wakati fedha ziko mifukoni na vilabu vimejaa. Asiachwe mtu kwa sababu ya cheo chake wala ukubwa wa gari lake. Sheria inayonasa dagaa na kuwaacha papa haimfundishi mtu adabu.

Kuhusu adhabu, faini peke yake haitoshi. Mwenye fedha huihesabu kama nauli, akailipa na kuendelea na safari. Sheria imezipa mahakama uwezo wa kumzuia mtu kuendesha gari. Uwezo huo utumike, na kwa dereva wa abiria utumike bila kusita. Leseni ndiyo jembe lake, na akijua kwamba glasi moja yaweza kulichukua jembe hilo, ataiangalia glasi hiyo mara mbili. Kosa la ulevi lisiishie kando ya barabara kwa maneno ya kumalizana. Askari anayepokea kitu kidogo ili kumwachia mlevi anashiriki katika mauaji yatakayofuata.

Polisi hawawezi kuifanya kazi hii peke yao. Wenye mabasi na malori waweke madereva wawili katika safari ndefu, na wasimwachie funguo mtu anayenuka pombe eti mzigo unachelewa. Halmashauri zisimamie saa za kuuza pombe kama Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inavyotaka. Wenye baa wamtafutie mlevi usafiri badala ya kumsindikiza hadi kwenye gari lake. Abiria nao waache kunyamaza: mlipa nauli ana haki ya kukataa kuendeshwa na mlevi, na ana wajibu wa kutoa taarifa polisi kabla basi halijaondoka.

Mtu akitaka kunywa, na anywe. Lakini kabla ya kunywa aamue atarudi vipi nyumbani, maana akishalewa si yeye tena anayeamua.