Feni ikikera, ising'olewe

KARAKANA
Na Hamisi Mwinyikombo

Inveta zimeingia kwenye karakana zetu kwa sababu inayoeleweka. Fundi wa Keko mwenye umeme wa fezi moja, volti 230, ananunua kisanduku kimoja, anakiunga na mota ya fezi tatu inayokubaliana nacho, na mashine yake ya kukereza inampa mwendo wowote autakao. Ila kisanduku hicho kina feni, na nyingi huanza kuvuma mara tu swichi inapowashwa, kazi iwepo isiwepo. Mteja anaeleza miguu ya kitanda anayoitaka, fundi anamjibu, "Eti?"

Wapo waliopata dawa: wanafungua kifuniko na kuchomoa waya wa feni. Ukimya huo hulipiwa baadaye, inveta inapojizima katikati ya kazi kwa joto, au inapoungua kabisa.

Kwanza ijulikane nani anapiga kelele. Mota imesimama na mvumo unaendelea? Ni feni ya inveta, au feni ya ziada iliyofungwa nyuma ya mota. Ikiwa sauti inapanda na kushuka pamoja na mwendo, tazama beringi na feni ya mota yenyewe. Lakini mluzi mwembamba usiobadilika hata ukipunguza mwendo, hapo feni inasingiziwa. Huo unatoka kwenye mota, kwa kuwa inveta inaukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye mipangilio, kiwango hicho kikipandishwa kutoka kilohezi 4 hadi 8 au zaidi, mluzi hupungua. Inveta nayo hupata moto zaidi, na feni ile ile uliyoichoka huongezewa kazi.

Hiyo feni ya ziada nayo haikuwekwa kwa mapambo. Mota ya kawaida hujipooza kwa feni iliyo kwenye shafti yake. Ukiishusha kutoka hezi 50 hadi 10 ili ukereze bakuli kubwa, feni hiyo inazunguka kwa sehemu moja tu ya tano ya kasi yake, wakati mota inaweza kuwa inavuta ampea zile zile. Kwa kazi ya namna hii mkanda bado una heshima yake: uhamishie kwenye puli ya mwendo mdogo, mota iende hezi 30 au 40, ipate upepo na nguvu. Vijana waliozoea kuzungusha kitufe hawapendi kuambiwa hili.

Kwa uziwi, feni si mshtakiwa mkuu. Msumeno wa duara na randa ya umeme ndivyo vinavyopita kwa urahisi desibeli 85, kiwango ambacho taasisi ya NIOSH ya Marekani inashauri kisivukwe kwa zamu ya saa 8. Huko ni viziba masikio, hakuna mjadala. Lakini mkerezaji hufanya kazi kwa kusikiliza. Kipande cha mninga chenye ufa kinaweza kubadili sauti kabla hakijafyatuka, na patasi iliyopoteza makali husikika kabla mkono haujaihisi. Feni mbovu inazimeza sauti hizo, ndiyo maana nasema itengenezwe.

Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko cha inveta, mara nyingi 5 au 10. Kapasita hubaki na volti zaidi ya 300 hata kioo kikishazimika. Unga wa mbao ulioganda kwenye mapezi ya aluminiamu upulizwe kwa kompresa, huku mapanga ya feni umeyazuia kwa kijiti. Ukiyaachia upepo wa kompresa yatazunguka kuliko yalivyotengenezewa, na beringi ndiyo itakayoumia. Wanaovisha soksi mdomo wa feni kuzuia vumbi wakumbuke kuwa soksi ikijaa, feni haipo tena.

Tone la mafuta kwenye feni iliyochoka ni la kuvuta siku tu. Nunua nyingine: linganisha volti, ampea, vipimo, kiasi cha upepo na idadi ya nyaya, maana kwenye baadhi ya inveta waya wa tatu ndio unaotoa taarifa kwamba feni inazunguka. Ukikosekana, inveta inagoma. Na kama kisanduku kimefungwa kwenye plaiwudi, plaiwudi hiyo ni ngoma. Kihamishie kwenye ukuta wa tofali hapo hapo karibu, au kiwekee washa za mpira wa tyubu ya baiskeli.

Lawama nyingine naipeleka dukani. Mashine inauzwa kwa bei na nguvu za farasi, sauti haitajwi. Inveta nyingi zinaweza kupangwa feni izunguke mota inapofanya kazi tu, au joto linapopanda, lakini namba ya mpangilio huo iko kwenye kijitabu, na kijitabu kimebaki kwenye boksi la muuzaji. Kidai. Kisha omba mashine iwashwe hapo hapo, bila mbao, usikilize. Muuzaji akisema zote ndivyo zilivyo, mwambie awashe na ile ya pembeni.