MARADHI YA AKILI NA MAFUNZO TUNAYOYAKIMBIA

Ndugu Muislamu,

Mtu akivunjika mguu katika mitaa yetu, nyumba hujaa wageni. Huyu kachukua maziwa, yule kachukua machungwa, na mwenyeji hueleza mkasa wote tokea mwanzo hata mwisho. Lakini akili ikimpotea mtu, mlango wa uani hufungwa. Jirani akiuliza, huambiwa: "Amekwenda Malindi kwa shangazi yake." Naye yumo mumo humo ndani, pengine amefungwa kamba, na mwadhini anamsikia.

Miaka hii yamekuja mafunzo ya kutuonyesha njia nyingine. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuwafunza watumishi wa afya wa kawaida wayatambue na kuyatibu maradhi ya akili, kwa kuwa mabingwa ni wachache. Hapa Kenya, Septemba 2023, walizinduliwa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wa kupita nyumba kwa nyumba. Wauguzi nao huja mitaani wakaita watu wafunzwe. Lakini wanapoita, viti vya walimu wa madrasa na wazee wa msikiti ndivyo vinavyobaki vitupu! Tukiuliza sababu, twapewa hoja tatu. Nazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza wasema: "Haya ni mambo ya majini, hospitali itajua nini?"

Jawabu: Majini hatuwakanushi. Qur'ani imewataja, na iko sura nzima yenye jina lao. Lakini kuamini kuwa jini yupo ni jambo moja, na kudai kuwa kila anayesema peke yake amepandwa na jini ni jambo jingine. Hilo la pili lataka ushahidi, na ushahidi huo hauletwi na mpiga ramli. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameweka na dawa yake. Alichokivua ni uzee. Maradhi ya akili hakuyavua.

Na imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa mwanamke mmoja mwenye kifafa alimjia Mtume (S.A.W.) akalalamika kuwa akianguka hufunukwa nguo. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, ila akataka aombewe asifunuke, na akaombewa. Basi tazama: hakupigwa, hakufukuzwa, hakufichwa, na sitara yake ilihifadhiwa. Sisi tunaodai kumfuata Mtume twamfanya nini mgonjwa wetu? Twampiga fimbo ati "apigwaye ni jini". Twamfukiza moshi hata pumzi zimkatike. Twauza mkufu wa mama yake tumpe fundi wa pepo kwa mbuzi mweusi na ngoma ya siku saba. Hiyo ndiyo dini? Msomee mgonjwa wako Qur'ani, na kumsomea ni jambo jema. Muuguzi hakukuzuia kusoma. Na wewe usimzuie kumpa dawa.

Hoja ya pili wasema: "Hii ni elimu ya Wazungu."

Jawabu: Msemaji wa maneno haya haijui historia yake mwenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya mwili na nafsi. Humo alieleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili. Akaigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu inayojulikana, na ile isiyojulikana sababu yake, akaipa kila moja njia yake ya tiba. Na huko Cairo, mwaka 1284, Sultani Qalawun alijenga hospitali ya wakfu, na waliopatwa na wazimu wakawa na mahali pao humo. Hayo ni mali yetu. Tumeyaacha kabatini yakaliwa na mchwa, na leo anayeturudishia twamwita mgeni.

Hoja ya tatu wasema: "Sisi si madaktari. Mwalimu wa chuo atasaidia nini?"

Jawabu la hoja hii liko Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari mmoja wa akili wa huko, Dixon Chibanda, alifiwa na mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Jamaa zake walikuwa wamekusudia kumrudisha hospitali, lakini walikosa nauli ya basi. Chibanda akaona kuwa haifai kumngoja mgonjwa amfuate daktari mjini. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Harare, akaanza kuwafunza kina bibi 14. Hawakuwa wauguzi wala madaktari. Walikuwa wazee wanaoheshimiwa mtaani. Bibi hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, akamsikiliza, wakachagua shida moja na kuitafutia ufumbuzi pamoja. Maradhi yenyewe huyaita kwa Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, nasi twajua maana yake kwani husema "fulani ana mawazo". Utafiti uliotolewa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa na kina bibi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika 100, na waliopewa huduma ya kawaida walikuwa kama 50 katika 100. Mpango huo ukachukuliwa na kwengine, Zanzibar ikiwamo. Basi ikiwa bibi wa Mbare ameweza, mwalimu anayejua kila nyumba ya mtaa wake hawezi?

Na yanayofundishwa si mageni. Hufundishwa kutambua: asiyelala majuma kwa majuma, anayesikia sauti zisizosikiwa na wenziwe, mzazi aliyejifungua akamkataa mwanawe. Hufundishwa kumuuliza mtu wazi kama anawaza kujiua, kwani kuuliza hakumtii fikra hiyo, humfungulia kinywa. Hufundishwa kuwa dawa haiachwi siku mgonjwa anapoonekana kapona, ila kwa amri ya tabibu. Na mwenye kifafa akianguka, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mlaze ubavu, usimtie kijiko kinywani. Kikizidi dakika 5, mkimbize hospitali. Katika haya ni lipi la kukufuru?

Nanyi mnaoleta mafunzo, pokeeni nasaha. Msije asubuhi mkagawa soda, mkapiga picha, mkaondoka adhuhuri msionekane tena. Semeni Kiswahili cha watu. Leteni mwanamke wa kuwafunza wanawake. Na hakikisheni dawa iko zahanati, kwani kumfunza mtu kutambua maradhi kisha akakuta rafu tupu ni kumvunja moyo.

Ama wewe unayeficha, jua kuwa unayemficha ni amana. Kalamu ya dhambi imeondolewa kwa aliyepotewa na akili mpaka arejewe nayo. Basi Mola asiyemwandikia, wewe wamtia pingu kwa kosa gani? Na ikiwa uliogopa polisi kwa kuwa wako alijaribu kujiua, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya imetamka kuwa kifungu kilichomfanya mtu huyo mhalifu kinapingana na Katiba. Mtoe, mpeleke akatibiwe.

Enyi maimamu, mafunzo yakitangazwa tena, yatangazeni baada ya sala ya Ijumaa, na kaeni safu ya mbele. Wenye madrasa, fungueni kumbi zenu baada ya Alasiri. Aibu si kuwa na mgonjwa. Aibu ni kuitwa kumsaidia ukakataa, na kesho ukaulizwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuondolee ujinga. Amin.