Bahari ya Chungu

Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wahenga walioacha methali hii hawakumcheka mdudu. Walimwonea imani, kwani chungu hakujaaliwa kuona zaidi ya kile kifuu. Binadamu hana udhuru huo. Anapoichota bahari kwa makusudi, akaitia ndani ya kifuu cha kioo, akakiweka juu ya meza ya mapokezi baina ya daftari la wageni na mhuri, kisha akawaambia wageni wake kuwa hiyo ndiyo bahari, yeye si chungu wa methali. Yeye ni mtu aliyeiona bahari, akaamua kuipunguza.

Tangi dogo la maji ya chumvi mahali pa kazi, lenye matumbawe hai na samaki wa rangi, lina mashabiki wake katika miji mingi ya dunia, na mashabiki hao wana hoja tatu. Ya kwanza, kwamba linatuliza nyoyo za watu waliochoshwa na karatasi. Ya pili, kwamba linafundisha. Ya tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, kwamba linawapelekea bahari watu ambao bahari iko mbali nao. Hoja hii ya tatu haiwezi kupimwa Forodhani wala Mikindani, ambako mtu akitaka kuiona bahari hugeuza shingo tu. Ipimwe mahali ilipo mbali kwelikweli. Ichukuliwe, kwa mfano tu, ofisi moja ya Pito, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kutoka Dar es Salaam.

Hesabu ianze na chumvi. Kila lita ya maji ya bahari hubeba kiasi cha gramu 35, kwa hiyo tangi la lita 60 linataka kilo 2 na ushei kabla halijawa na kitu. Nayo si chumvi ya jikoni. Hata ile ya Uvinza, yenye sifa ya kale katika nchi za ziwa, haifai, maana tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisi iliyoyeyuka majini, na hutaka pia magnesiamu na madini mengine ambayo bahari huyatoa bila kuombwa. Kila wiki sehemu ya kumi ya maji hutolewa na kutiwa mapya: lita 6 na gramu 210 za chumvi, karibu kilo 11 kwa mwaka. Kila siku maji huruka mvuke, chumvi ikabaki. Basi pengo hujazwa kwa maji matamu yaliyosafishwa, la sivyo chumvi huzidi hadi ikaua. Na kabla ya samaki wa kwanza kuingia, tangi hukaa wiki 4 hadi 6 likionekana tupu, ilhali ndani yake wanazaliana bakteria wanaoigeuza amonia ya uchafu kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Asiyengoja huua.

Hiyo ni hesabu ya popote. Ufipa inaongeza yake. Uwanda ule uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huko kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya pwani, na maji yenye joto lile lile na chumvi ile ile hushika oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo hiyo. Samaki wa mwambani aliyepandishwa Pito, kwa hakika, amepandishwa mlimani. Tumbawe lake linataka joto la nyuzi 24 hadi 27, na usiku wa Juni na Julai wa Ufipa haumhurumii mtu aliyejifunika blanketi mbili, seuze kiumbe cha nchi za joto ndani ya kioo. Hita iwake, pampu izunguke, taa imulike saa zake. Yote hayo yanategemea umeme, na kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulinunuliwa kutoka Zambia, kwa kuwa gridi ya taifa haikufika. Umeme ukikatika usiku na pampu ikasimama, hakuna bamvua litakaloleta maji mapya. Katika kioo hakuna kujaa wala kupwa, hakuna kusi wala kaskazi. Kila kilichokuwa kazi ya mwezi na upepo sasa ni kazi ya mtu.

Mtu gani? Hapo ndipo neno ofisi linapoonyesha ubaya wake. Ofisi hufungwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Hufungwa Idi, hufungwa Krismasi. Mkuu aliyelipenda tangi hupata uhamisho, naye hawezi kulibeba katika lori pamoja na makochi. Anayebaki nalo ni mhudumu wa ofisi, yule anayefagia na kupika chai, ambaye hakuulizwa wakati wa kulinunua, hakufundishwa kupima chumvi, wala hakuongezewa mshahara kwa ajili ya viumbe aliokabidhiwa. Siku samaki wakielea chali, yeye ndiye atakayeitwa kujieleza. Utulivu wa moyo wa bosi umejengwa juu ya wasiwasi wa mhudumu. Wanaolisifu tangi kwa kutuliza nyoyo waseme kwanza ni nyoyo za nani.

Tena kuna swali la asili. Tumbawe si jiwe wala ua. Ni mnyama, aliyekaribisha mwilini mwake mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao humlipa kwa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi mnyama humtema mgeni wake, akabaki mweupe, na hali ikidumu hufa. Mwaka 1998 msiba huo uliikumba Bahari ya Hindi ya magharibi kwa ukali mkubwa; ukarudi mwaka 2016; na Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la namna hiyo. Matumbawe magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, ndiyo kusema biashara yake baina ya nchi na nchi hutaka kibali. Ama samaki, pwani ya Kenya wapo wazamiaji ambao riziki yao ni kukamata samaki hai wa mapambo wa kupelekwa ng'ambo. Miongoni mwa wanaokamatwa ni yule mdogo msafishaji, ambaye kazi yake mwambani ni kuwala vidusia wanaowasumbua wenzake. Amwondoaye haondoi rangi tu. Amewaondolea samaki wengine tabibu. Mzamiaji asilaumiwe kwa kutafuta mkate. Aulizwe yule anayetaka tabibu huyo awe pambo.

Mashabiki watajibu kwamba siku hizi wapo samaki waliozalishwa ndani ya matangi, wapo matumbawe yaliyooteshwa kwa vipandikizi, na mawe yanatengenezwa viwandani. Hakuna mwamba unaoibiwa. Jibu hili ni la haki, na mwenye kulifuata ametenda vyema kuliko asiyelifuata. Lakini linaibomoa ile hoja ya tatu kwa mikono ya wenyewe. Samaki aliyezaliwa kwenye karo, juu ya jiwe la kiwandani, katika chumvi ya paketi, amempelekea mtu wa Pito bahari ipi? Yule samaki mashuhuri wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, aliyetangazwa na filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, hata si mkaazi wa maji ya Unguja wala ya Mafia; jamaa zake wa huku wana sura nyingine. Na filamu yenyewe ilikuwa kilio cha mtoto aliyetekwa mwambani akafungwa katika tangi la daktari wa meno, yaani katika tangi la ofisini!

Halafu yako maji ambayo ofisi hiyo ya Pito imeyapa kisogo. Kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Hapo lipo Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470, na ndani yake aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya perege na kuhe, ambazo karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wapenzi wa matangi wa Ulaya na Marekani wanalijua hilo tangu miaka ya 1970, wakati Pierre Brichard alipokuwa akisafirisha samaki hao kutoka Burundi. Hadi leo samaki wa mawe ya Rukwa huuzwa ng'ambo kwa majina ya vijiji walikotoka: Kasanga, Samazi, Kipili. Mjerumani asiyewahi kukanyaga Afrika hutamka Samazi akimwagiza samaki wake, ilhali karani wa Pito anaota samaki wa Bahari ya Pasifiki. Huo si upendo wa maji. Ni kasumba ileile ya kuamini kwamba kizuri ni kile kilichotoka mbali.

Nalo ziwa halina raha. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ujoto wa karne iliyopita umepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza chakula kinachowalisha dagaa na migebuka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapumue. Kwa mvuvi wa Kirando ziwa si pambo. Ni chungu kilichopo au kisichopo jikoni. Ofisi inayotaka kufundisha watu juu ya maji ina somo lake mlangoni.

Hata hivyo, lawama isiachwe Ufipa. Ni nani aliyemfundisha mtu wa bara kwamba tumbawe ni johari? Ni ushairi wa pwani. Ni washairi wangapi waliosifu lulu na marijani, wakaitia bahari shingoni na masikioni mwa mpenzi, bila ya kuandika ubeti mmoja juu ya tumbawe kama kiumbe anayekula, anayezaa na anayekufa? Watu wa pwani ndio waliochonga mawe ya matumbawe na kuyachoma kuwa chokaa, wakajenga nayo Mji Mkongwe. Wapo miongoni mwao waliotupa baruti mwambani. Diwani inayoitumia bahari kwa kupambia vina tu ni tangi la kioo lisilo na pampu: linang'ara siku ya kufunguliwa, na baada ya mwezi linanuka. Mshairi asimcheke karani wa Pito. Wote wawili wameitaka rangi ya kiumbe, wakaukataa utumishi wake.

Basi haidaiwi hapa kwamba bahari ni mali ya watu wa pwani. Mfipa ana haki nayo sawa na Mtumbatu. Haki hiyo haitimizwi kwa kumpa kifuu. Chumbe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1994, imekuwa ikiwachukua wanafunzi wa Unguja kuyaona matumbawe mahali yalipo, kwa macho yao, bila kung'oa hata moja. Fedha za hita, taa, pampu na kilo 11 za chumvi kila mwaka zingetosha kuwateremsha watoto wachache wa Pito hadi Kasanga, wakalitazama ziwa lao. Na kama ofisi haiwezi kuishi bila kioo, iweke samaki wa Tanganyika waliozalishwa tangini, chini yao liandikwe jina la kijiji cha asili yao, na anayewatunza alipwe kwa kazi hiyo, ajulikane kwa jina lake. Tangi hilo halitadai kuwa bahari, wala halitamfanya mtu wa Pito aone haya kwa kuzaliwa mbali na pwani.