Ushago wako umeandikwa, wewe hujausoma

Ukitoka Msikiti wa Jamia ukielekea City Market, pale katikati ya Nairobi, unavuka barabara ya Muindi Mbingu. Labda umeivuka leo asubuhi ukikimbilia kazi. Sasa hebu jibu bila kugusa simu: Muindi Mbingu alikuwa nani?

Usijali, wengi wetu tungekwama hapo. Ila kama kwenu ni Kalamba, kule Makueni, kukwama kwako kuna uzito zaidi, manake hii ni habari ya ng'ombe wa babu zako.

Mwaka 1937 afisa wa udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake. Picha aliyoichora ni ya nchi inayokufa: udongo unabebwa na maji, na mifugo imezidi. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuchukua ng'ombe wa watu na kuwauza kwa lazima. Samuel Muindi Mbingu na wenzake wakakataa. Watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, wakaja Nairobi na kupiga kambi wiki kadhaa wakitaka kuongea na Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini ule uuzaji wa lazima ukasitishwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia vitabu na ripoti ni mambo ya wasomi tu, mkumbushe kwamba maandishi ya aina hiyo yalisaidia kuwatoa ng'ombe zizini.

Kisha ikapita zaidi ya nusu karne. Mwaka 1994 kikatoka kitabu kinachoitwa More People, Less Erosion, cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na mtafiti wa hapa kwetu, Francis Gichuki. Waliiangalia wilaya ile ile kuanzia 1930 hadi 1990. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4. Kwa hesabu za akina Maher, nchi ingekuwa jangwa. Wao wakakuta mashamba yaliyokatwa matuta na miti iliyopandwa, na udongo unatunzwa vizuri kuliko zamani.

Nani alifanya hayo? Vikundi vya mwethya, ambavyo sehemu kubwa ni akina mama wenye majembe. Na pesa ya mjini pia. Kijana alienda Nairobi kutafuta kazi, mshahara ukarudi nyumbani ukawa tuta. Kuna aina ya tuta ambapo unachimba mtaro halafu udongo unautupa upande wa mlima. Linaitwa fanya juu. Nenda kwenye kitabu chochote kizito cha Kiingereza kuhusu kuhifadhi udongo, utalikuta jina hilo hivyo hivyo, kwa Kiswahili, halijatafsiriwa. Aisee, mimi nilipoliona mara ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya matatu.

Lakini usikimeze kitabu hicho kizima kizima. Kuna waliokipinga. John Murton, mwaka 1999, alionyesha kwamba katika mafanikio hayo kulikuwa na pengo: aliyekuwa na mshahara wa mjini alisonga mbele, asiyekuwa nao akabaki nyuma. Wewe unajua ni boma gani kwenu lilisonga na ni lipi lilibaki. Mtafiti alihitaji miezi kulijua hilo.

Na si udongo pekee. Nzaui, mlima ambao wadi ya Nzaui/Kilili/Kalamba imebeba jina lake, umo katika masimulizi ya Wakamba kuhusu watu wa kwanza, na Msweden Gerhard Lindblom aliyaandika katika kitabu chake kinene cha 1920 kuhusu Wakamba. Hapo hapo Nzaui ndipo wamishonari wa Africa Inland Mission walipoanzisha kituo chao cha kwanza, mwaka 1895. Unataka mambo ya sheria na uchawi? Katherine Luongo ameandika kuhusu kesi ambamo wanaume 60 wa Kikamba walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyemwita mchawi, ingawa mwishowe hawakunyongwa. Uwindaji na mishale ya sumu? Mtafute Edward Steinhart. Ngano? John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha Akamba Stories mwaka 1966, kabla dunia haijamjua kama mwanatheolojia. Na ukitaka kujua kwa nini Wakamba walijaa jeshini, yupo Myles Osborne.

Angalia lakini majina hayo. Wengi ni wageni, na wengi wa wachapishaji wako Uingereza. Vitabu vinauzwa kwa pauni, na kimoja kipya kinaweza kumeza kodi yako ya mwezi. Lindblom walau unaweza kumsoma bure kwenye Internet Archive. Vingine utavibahatisha kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, kama una subira na mgongo mzuri.

Hilo haliwezi kuachiwa bahati. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Serikali za Makueni na Kitui zinunue vitabu vilivyoandikwa kuhusu watu wao, ziviweke mahali ambapo mwanafunzi wa Kalamba anaweza kuvifikia bila kupanda gari la Nairobi, na zilipie tafsiri za Kikamba na Kiswahili. Gharama yake si ya kuitisha mkopo. Makueni inajisifu kwa vikao vya wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Basi siku ya kikao nenda, simama, taja vitabu kwa majina. Ukisema tu "tunataka maktaba" utapigiwa makofi, na mambo yatakwisha hapo.

Nawe usingoje kaunti. Desemba inakuja, utapanda gari uende kwenu. Badala ya kushinda ukitafuta mahali simu inashika mtandao, kaa na susu wako jikoni umuulize: matuta ya shamba hili yalichimbwa mwaka gani, nani alikuwa kiongozi wa mwethya, na yule ambaye hakuja kuchimba alitozwa nini? Kisha ufungue kitabu uone kama kinasema alivyosema yeye. Wakitofautiana, andika kando ya ukurasa, kwa kalamu.